Singe za Vita: Jinsi ya Kutambua Asili, Hali na Thamani Yake

Na Mwalimu wa Historia

Mhariri wa jarida hili ameniomba nieleze habari za zile singe mbili zilizoletwa shuleni muhula huu. Wanafunzi wengi waliziona kwa mbali tu, na maneno yaliyotoka nje ya darasa yaliuzidi ukweli. Nimekubali kwa furaha, maana katika jambo hili limo somo la Historia, na limo pia onyo kwa kila mzazi mwenye kitu cha zamani nyumbani kwake.

Singe ni nini

Singe ni kisu cha askari kinachofungwa mbele ya mtutu wa bunduki, ili risasi zikiisha, au adui akikaribia mno, bunduki igeuke kuwa mkuki. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Bara Hindi. Aliyefika Dar es Salaam ameiona singe, hata kama hakulijua jina lake: yule askari wa shaba aliyesimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 ameshika bunduki yenye singe, naye ameielekeza bandarini.

Huku kwetu kusini singe nyingi zilizosalia ni za Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 mpaka 1918. Jeshi la Wajerumani, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, lilirudi nyuma hatua kwa hatua kutoka kaskazini mpaka likafika kwetu. Mwezi wa Oktoba 1917 palipiganwa vita vikali siku nne huko Mahiwa, si mbali na Lindi. Upande wa Waingereza walikuwako askari wa King's African Rifles, yaani KAR, pamoja na Wanigeria na wengineo. Mwezi uliofuata Wajerumani wakavuka mto Ruvuma, wakawashinda Wareno huko Ngomano, wakachukua bunduki zao na kuzitumia. Basi msishangae singe za mataifa matatu zikionekana katika wilaya moja.

Jambo la kwanza: tazama umbo

Anayetaka kukusanya singe asianze kwa kuuliza bei. Aanze kwa kupima na kutazama. Nitataja aina nne.

Ya kwanza ni singe ya Kijerumani ya bunduki ya mwaka 1871. Ubapa wake ni mrefu na umenyooka, kadiri ya sentimita 47, na mpini wake wote ni wa shaba. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado na bunduki hizo za zamani, ambazo zilitumia baruti nyeusi. Likumbukeni jambo hilo la baruti, nitalirudia.

Ya pili ni ya Kijerumani pia, ya bunduki mpya zaidi ya mwaka 1898. Ubapa wake una sentimita 37 hivi, nao unapanuka kuelekea nchani, hata wengi huufananisha na kisu cha mchinjaji nyama. Mpini una vibao viwili vya mti.

Ya tatu ni singe ya Kiingereza ya mtindo wa mwaka 1907. Ubapa una sentimita 43, na kila upande una mfereji mdogo wa kuipunguzia uzito. Zile za kwanza zilikuwa na ndoana ya chuma karibu na mpini. Tangu mwaka 1913 hazikutengenezwa tena na ndoana, na nyingi za zamani zilikatwa ndoana zao.

Ya nne ni ya Kireno, ya mwaka 1904. Ni fupi, ubapa wake kadiri ya sentimita 28. Hapa pana mtego. Singe hizi zilitengenezwa Ujerumani, katika mji wa Suhl, nazo zina jina la kiwanda cha huko. Mtu akisoma jina hilo tu, atasema ni singe ya Mjerumani, kumbe iliingia vitani mikononi mwa Wareno.

Zile za Vita Kuu ya Pili mtazitambua upesi, maana singe ya bunduki ya Kiingereza iitwayo Namba 4 si kisu tena. Ni msumari mnene wa kadiri ya sentimita 20. Nyingi za mtindo wake wa kwanza zilitengenezwa na kiwanda cha Singer huko Clydebank, Scotland, wale wale wa cherehani zilizo barazani kwa mafundi wetu.

Jambo la pili: soma chapa

Umbo hutuambia singe ni ya taifa gani. Chapa hutuambia zaidi. Katika singe ya Kiingereza tazama ubapa karibu na mpini. Upande mmoja utaona taji, na chini yake herufi za mfalme: ER kwa Mfalme Edward, au GR kwa Mfalme George aliyemfuata mwaka 1910. Kisha utaona 1907, na chini yake tarakimu nyingine pamoja na jina la kiwanda. Wanafunzi wangu walipoonyeshwa picha ya chapa hiyo, karibu wote walisema singe ilitengenezwa mwaka 1907. La! Hiyo 1907 ni mwaka wa mtindo. Mwezi na mwaka wa kutengenezwa ni zile tarakimu ndogo zilizo chini yake. Kwa mfano, 10 na 16 maana yake ni Oktoba 1916. Upande wa pili mna mshale wa mali ya serikali, na alama za wakaguzi. Wakati mwingine mna tarakimu za mwaka ambao singe ilitengenezwa upya na kutolewa tena kwa askari.

Kwa singe ya Kijerumani tazama mgongo wa ubapa, karibu na mpini. Hapo pana taji, herufi W ya jina la Kaizari Wilhelm, na tarakimu mbili za mwaka. W na 15 ni mwaka 1915.

Chapa za kweli ziligongwa kwa chuma kigumu kiwandani, kwa hiyo zimeingia ndani, nazo zimechakaa pamoja na chuma chote. Ukiona ubapa wote umelika kwa kutu lakini herufi zake ni kali kana kwamba ziligongwa jana, tia shaka. Ukiona herufi zimekaa juu juu kama zilizochorwa kwa asidi, tia shaka zaidi. Tazama na skurubu za mpini: vichwa vyake vikiwa vimekwaruzwa, mpini umewahi kufunguliwa, na huenda vibao si vyake. Singe yenye ala, nambari zikilingana, ni mume na mke wasioachana. Zisipolingana, wameoanishwa baadaye.

Singe ya kwanza

Sasa nije kwenye habari yetu. Chama cha Historia kilikuwa kimekusanya shilingi 85,000 kwa kuuza mboga za bustani, ili tupate vitu vya kuweka katika kabati letu. Habari hiyo ilienea, na Jumamosi moja akaja bwana mmoja na singe iliyofungwa katika kitambaa. Alipoifungua, darasa zima lilisimama. Ilikuwa ile ya Kijerumani ya aina ya pili, imara, inang'aa, na ala yake ya chuma ilikuwa nzima. Bwana yule alisema babu yake aliiokota Mahiwa siku ya mwisho ya vita vile. Alitaka shilingi 150,000, lakini kwa kuwa sisi ni shule angekubali zile 85,000.

Wanafunzi walinitazama. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuiona ikikaa katika kabati. Niliikagua, nikaona umbo ni sawa, skurubu hazijaguswa, chapa ni za kweli. Nikasema, "Ni ya asili." Ndipo mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu, msichana mnyamavu, akaomba aione kwa karibu. Akasoma mgongo wake, akauliza, "Mwalimu, hii 17 si mwaka 1917? Ilifikaje?"

Swali hilo lilituokoa. Tangu mwanzo wa vita manowari za Kiingereza zilizuia pwani yetu. Ni meli mbili tu za msaada zilizowafikia Wajerumani wa hapa kutoka kwao. Ya kwanza, Rubens, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi wa Aprili 1915. Ilishambuliwa na kuzamishwa penye maji machache, hata bunduki na risasi nyingi zikaopolewa. Ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, hapa kusini kwetu, mwezi wa Machi 1916. Baada yake haikufika tena meli yoyote. Mwezi wa Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo kikubwa cha angani kilichoitwa L 59. Kilifika juu ya Sudani kikageuzwa, kikarudi. Basi singe iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1917 ingepita wapi hata iokotwe Mahiwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo?

Angalieni vema tulichokigundua. Singe ile haikuwa ya bandia. Ilikuwa ya kweli kabisa, ila iliingia nchini kwa njia nyingine baada ya vita, labda katika sanduku la mgeni au la mfanyabiashara. Kilichokuwa cha bandia ni hadithi yake. Kwa hiyo neno "asili" lina maswali mawili: je, kitu ni cha kweli? Na je, habari zake ni za kweli? Mimi nilikuwa nimejibu la kwanza tu.

Sikumwita bwana yule mwongo, maana huenda naye aliuziwa maneno. Nilimweleza kwa heshima yale tuliyoyaona. Alinyamaza kidogo, akacheka, akasema, "Basi na mimi nimesoma leo," akaifunga singe yake akaenda zake.

Jambo la tatu: hali, na kosa langu mwenyewe

Wengi hudhani hali njema ni kung'aa. Kwa mkusanyaji ni kinyume chake. Chuma cha zamani huwa na rangi ya kahawia iliyoiva au nyeusi, ambayo haichafui kidole. Hiyo iacheni. Kutu nyekundu inayotoka kama unga ndiyo inayokula chuma, nayo huzuiwa kwa kitambaa laini na mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Msitumie msasa, wala tupa, wala asidi. Shaba msiisugue. Tena singe isikae siku zote katika ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hushika unyevu na kukiozesha chuma.

Haya nayajua kwa hasara. Nilipokuwa Kidato cha Pili, nyumbani kwetu ilikuwako singe ya Kiingereza. Katika ukoo palikuwa na maneno mawili: wengine walisema ililetwa na baba yake babu, aliyekuwa KAR katika vita vya kwanza, wengine walisema ni ya babu mwenyewe, aliyepigana Burma katika vita vya pili. Likizo moja nilitaka kumfurahisha baba. Nikachukua msasa na asidi ya betri, nikaisugua siku mbili mpaka ikawa kama kioo. Baba hakunipiga. Aliigeuza huku na huku, akasema kwamba babu alizoea kuweka kidole pale penye tarakimu akisimulia. Tarakimu zilikuwa zimekwisha. Kama upande wa pili palikuwa na mwaka wa kutolewa upya, mwaka huo ungeweza kukata shauri la wazee wetu. Sasa wazee hao wamekwisha kufa, na singe inang'aa ukutani haisemi kitu.

Jambo la nne: thamani

Thamani sokoni huenda kwa mambo manne. La kwanza ni uadimu. Singe ya Kiingereza ya 1907 ilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo ya kawaida si ghali. Lakini ile iliyobaki na ndoana yake ya kwanza hutafutwa sana. La pili ni uzima: vibao vyake, skurubu zake na ala yake. La tatu ni hali, kama nilivyoeleza. La nne ni habari zenye ushahidi: nani aliipata, wapi, lini, na ilipita mikononi mwa nani. Watu wabaya hulijua hilo la nne. Kwa hiyo wengine hugonga herufi za kikosi fulani juu ya singe ya kawaida ili bei ipande, na wengine hubuni babu. Lipeni fedha kwa chuma mnachokiona. Msilipie hadithi mpaka mmeipima.

Singe ya pili

Juma moja baada ya bwana yule, alikuja bibi wa mmoja wa wanafunzi wetu, mama mzee wa miaka themanini hivi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, akasema, "Mwanangu, nimesikia mnasoma visu vya vita. Nitazamie hiki." Akatoa katika gunia kisu kifupi cheusi. Wanafunzi wengine walianza kucheka, nikawakanya.

Ubapa wake ulikuwa umekatwa, umebaki shubiri moja na nusu. Makali yalikuwa yamenolewa mara nyingi mpaka yameliwa. Bibi alisema kilichinjia mbuzi wa Idi kwa miaka mingi. Ala haikuwako. Lakini mpini wote ulikuwa wa shaba, na mgongoni, chini ya masizi, tuliona taji, W, na tarakimu 7. Tarakimu ya pili haikusomeka. Ilikuwa singe ya aina ya kwanza, iliyotengenezwa katika miaka ya 1870.

Nikamwuliza ilikotoka. Alisema ni ya baba mkwe wake, aliyedai kuwa alikuwa askari wa Mjerumani. Watu hawakumsadiki, kwa kuwa hakuwa na cheti wala nishani, na tena alikuwa na masimulizi ya ajabu. Bibi akatabasamu akasema, "Alituambia walikuwa wakipiga bunduki, moshi unapanda mweupe kama wa kuni mbichi, hata adui anajua walipolala. Vijana walimcheka. Walisema, bunduki gani hiyo inayofuka kama jiko?"

Darasa lilinyamaza. Kisha yule yule msichana wa Kidato cha Tatu akasema, "Mwalimu, baruti nyeusi."

Naam. Bunduki ya mwaka 1871, yenye singe ya mpini wa shaba, ilitoa moshi wa namna hiyo hiyo, na askari wa Wajerumani walitiwa hatarini kwa sababu yake. Mzee yule hakusoma kitabu chochote cha vita. Kisu hakisemi. Lakini mashahidi hawa wawili walipatana. Nilimwambia bibi kwa uangalifu kwamba hilo halitoshi kuthibitisha kila alilosimulia mkwewe, maana silaha huokotwa na kubadilishwa. Hata hivyo, mtu aliyejua habari ya moshi ule, tena akawa na singe ile ile, hakustahili kuchekwa.

Bibi akaniuliza kingeuzwa kwa kiasi gani. Nilimwambia kweli: kwa mnunuzi wa sokoni, singe iliyokatwa na isiyo na ala ni ya fedha kidogo sana. Akafikiri, kisha akaivingirisha katika gunia lake. Alisema, "Basi nitakaa nacho. Nilitaka kujua kama mzee alisema kweli." Tulimwomba ruhusa tukaipiga picha, tukaipima, tukaandika maneno yake kama alivyoyasema, naye akatia dole gumba. Karatasi hizo ndizo zilizo katika kabati letu leo. Katika zile shilingi 85,000 tumenunua daftari gumu moja na chupa ya mafuta ya cherehani. Zilizobaki ziko kwa mtunza fedha.

Maonyo

Singe ni silaha. Mwanafunzi asilete singe wala kisu shuleni; mzazi ndiye ailete, baada ya kusema na Mwalimu Mkuu. Msichimbe mahali pa vita wala makaburini kutafuta vitu. Kuchimbua mambo ya kale kunahitaji kibali cha serikali. Na mkiona shambani kitu kinachofanana na bomu au risasi kubwa, msikiguse. Wekeni alama, mkawaambie polisi.

Wazazi wetu, kama kuna singe darini, naomba msiisugue. Kaeni na mzee aijuaye kabla hajaondoka, mwandike anayosema.

Maswali ya kujipima

1. Singe ina taji, GR, 1907, na chini yake 3 na 17. Ilitengenezwa lini?
2. Umepewa singe fupi ya sentimita 28 yenye jina la kiwanda cha Suhl. Je, yatosha kusema ni ya askari wa Mjerumani? Eleza.
3. Kwa nini tarakimu 15 isingetuzuia kuisadiki hadithi ya Mahiwa, na 17 ikatuzuia?
4. Mwulize mzee mmoja wa kwenu habari za kitu kimoja cha zamani. Andika maneno yake mwenyewe, kisha uandike jambo moja uliloliona katika kitu hicho linalopatana nayo, au lisilopatana.